Maji ya Moto ya Alfajiri, Mahongole

Nimestaafu mahindi yakiwa bado mabichi shambani, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Ninyi vijana wa ufundi mnapiga, mnaniamkia vizuri, mnauliza habari za magoti, kisha mnafika kwenye shida yenyewe: mteja analalamika maji hayapati moto, mmebadilisha kila kitu, na bado hayapati moto. Nimeona bora niandike yote mara moja ili nipate nafasi ya kupalilia viazi vyangu. Habari za vyeo sitaziandika, kwa sababu bomba halijui cheo cha mtu. Mishahara nayo naipita, haikuwa na hadithi ndefu.

Nilianzia Njombe, kwenye shule ya bweni ya wasichana, na sikuanza kama fundi. Niliajiriwa kuchochea kuni kwenye boila, pipa kubwa la chuma lililojengewa matofali nyuma ya mabweni. Kazi ilikuwa kuwahi kabla wasichana hawajaamka, kusukuma magogo ya miti ya miwati tumboni mwa lile tanuri, na kuhakikisha maji yanafika bafuni yakiwa na moto wa kumtoa mtu kitandani. Aliyewahi kuamka Njombe mwezi wa sita, majani yakiwa meupe kwa sakitu na maji ya ndoo yameganda juu, anajua kwamba mchochea boila ni mtu mkubwa kuliko mkuu wa shule, angalau mpaka jua litoke.

Fundi wa shule alikuwa Mzee Sanga, Mkinga wa Makete, mwembamba, mwenye sweta moja la kijani ambalo sikuwahi kumwona hajalivaa. Siku moja maji ya moto yaligoma kufika bweni la mwisho. Boila linanguruma, kuni zinawaka, na kule wasichana wanapiga kelele. Mzee Sanga hakufungua sanduku la vifaa. Aliniambia niweke kiganja juu ya bomba, nianze kwenye boila, nitembee nalo mpaka bwenini, kisha nimwambie moto unaishia wapi.

Nikatembea na bomba lile kama mtu anayemshika mgonjwa mkono. Lilikuwa la moto, la moto, la moto, halafu nyuma ya jiko likawa baridi ghafla. Nikaangalia juu. Wapishi walikuwa wamelifanya bomba kamba ya kuanikia masweta, maana lilikuwa linakausha vizuri sana. Kwa uzito wa sufu yenye maji lilikuwa limebonyea katikati, na kwenye nundu iliyofuata hewa ilikwama, ikakataa kuwapisha maji. Tukalinyanyua, tukalifunga vishikizo vipya, tukatoa hewa, na bweni la mwisho wakaanza kuimba. Mzee Sanga akaniambia kuanzia kesho atatafutwa mchochea kuni mwingine, mimi nimfuate yeye.

Mkono wangu umekuwa kipimo cha kwanza tangu hapo. Testa na mita ni vitu vizuri na mimi ninavyo, lakini kabla hujapanda juu ya bati la mtu, gusa bomba. Mahali moto unapoishia ndipo shida inapoanzia, au ni jirani yake wa karibu.

Jambo la pili alilonifundisha Mzee Sanga lilinichukua muda mrefu zaidi. Alikuwa akisema kuupata ubovu ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni kuusema ndani ya nyumba ya watu bila kuacha ugomvi nyuma yako. Mimi nilikuwa na mdomo mwepesi wakati huo, nikadhani anaongea tu kwa sababu ya uzee.

Baadaye nikaelewa, kwa sababu asilimia kubwa ya ubovu wa maji ya moto hauletwi na vyuma, unaletwa na watu wenye nia njema. Kule Njombe mjini niliitwa kwenye nyumba yenye boila dogo la kuni, linatetemeka na kupiga ngurumo kama linataka kuondoka. Nikatafuta bomba la kupumulia, lile linalosimama juu na kutoa mvuke, nikakuta limezibwa kwa gunzi la mahindi lililochongwa likakaa sawasawa. Baba mwenye nyumba aliniambia kwa fahari kwamba mvuke ule ulikuwa kuni zake zinazoruka bure. Nilimwomba atoke na familia yake uani, nikavuta moto nje kwanza, nikasubiri ngurumo iishe na pipa lipoe, ndipo nikapanda kutoa gunzi. Nikamwambia kwa upole kwamba angeliacha wiki moja zaidi, ambacho kingeruka si mvuke, ni paa. Alilihifadhi lile gunzi. Mpaka leo, nikipita kwake, huwaonyesha wageni.

Nikahamia Makambako kwa sababu mume wangu alipata kazi huko, nikafungua kibanda changu si mbali na stendi. Vifaa vyangu havikuwa vingi: paipu renchi mbili, spana, testa, tredi tepu ya kuzungushia maungio, tochi, kipande cha khanga kavu cha kufutia bomba ili uone linapovuja, na soksi nzito za sufu. Soksi msizicheke. Ukivua viatu mlangoni kwa mtu na kuingia na soksi safi, anakuamini kabla hujashika kitu, na miguu yako haigandi kwenye sakafu ya vigae.

Wakati huo sola za maji zilikuwa zimeanza kuonekana juu ya mabati, na kila aliyejenga alitaka yake. Kuna bwana mmoja alikataa katakata sola yake ielekee kaskazini, ambako kwa huku kwetu ndiko jua linakozunguka mwezi wa sita. Alitaka ielekee barabara kuu ili wanaopita na mabasi waione. Nikamweleza habari za jua, akanieleza habari za majirani. Tukaiweka kaskazini baada ya mke wake kutoka ndani na kumuuliza nani ataoga, yeye au abiria.

Kwa hiyo mkiitwa kwenye sola inayotoa maji ya uvuguvugu, anzeni na vitu rahisi. Angalieni kama mti wa jirani haujakua ukatia kivuli. Angalieni kama hakuna bomba la kioo lililopasuka kwa baridi. Kama ina koili ya umeme, zimeni swichi kuu kwanza, pimeni koili, pimeni thermostati. Yote haya yakiwa mazima na maji bado ni baridi, acheni kubadilisha vifaa na kaeni chini muwaulize watu wa nyumba hiyo wanaishije.

Hapo lazima niseme jambo ambalo mume wangu hulisimulia kila tukipata wageni. Nyumba yetu haikuwa na heta, wala sola, wala boila. Kila asubuhi yeye ndiye aliyebandika sufuria jikoni, akachanganya maji kwenye ndoo, akaniita. "Mnamwona fundi wa maji ya moto wa Makambako?" huwaambia. "Mimi ndiye ninayemchemshia." Kila mwaka nilikuwa nasema mwaka huu nitaweka, na kila mwaka kulikuwa na nyumba ya mtu mwingine iliyokuwa na haraka zaidi.

Sasa nawapeleka Mahongole, pembeni mwa Makambako, kwenye kazi ninayoipenda kuliko zote.

Elisha, kijana anayekatisha tiketi pale stendi, alikuja kibandani asubuhi ya Ijumaa, mwezi wa saba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mke wake Salome alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza baada ya kungoja miaka mingi, na mama yake Elisha alikuwa amekuja kutoka Kidugala kumkanda mzazi. Mnajua kukanda kulivyo: maji ya moto sana, kitambaa, mgongo na tumbo, alfajiri na jioni, na anayekanda ndiye mtawala wa nyumba kwa kipindi hicho. Walikuwa na sola mpya. Jioni ilitoa maji ya kuunguza. Alfajiri, saa ileile ya kukanda, ilitoa maji ya baridi kama ya mtoni.

Mafundi wawili walishafika. Walibadilisha thermostati, wakabadilisha koili, wakapanda na kushuka, na alfajiri maji yakawa baridi vilevile. Hawakuwa mafundi wabaya, mmoja wao nilimfundisha mimi. Lakini bafu la nyumba ile lilikuwa ndani ya chumba cha mzazi, na Bibi, yaani huyo mama yake Elisha, alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni. Mwanamume wa nje haingii kwenye chumba cha mzazi, fundi au si fundi, kwa hiyo wao waliikagua nyumba kuanzia kwenye bati mpaka jikoni wakaishia hapo.

Jiko la nyumba lilikuwa la gesi, dogo, halibebi sufuria ya kukandia. Bibi alikuwa akiomba moto kwa jirani, anavuka uwanja na ndoo kwenye sakitu, na maji yanapoa njiani. Ndipo akatoa uamuzi. Jumamosi asubuhi gari ya mpwa wake ingeleta viazi Makambako, na ikirudi Kidugala ingeondoka na mzazi na mtoto, wakakae jikoni kwake penye mafiga na kuni. "Mama akishasema hivyo, nani atabisha," Elisha aliniambia. Nikachukua mfuko wangu, tukapanda bodaboda.

Bibi alikuwa mama mrefu, kilemba cheusi, mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote. Nilipiga goti, nikamwamkia, akanijibu kwa Kibena, "Kamwene," kisha akanipima kwa macho kuanzia soksi kwenda juu. Akaniuliza nimezaa wangapi. Nikamwambia. Akaniambia basi nikaote moto kwanza, siwezi kumletea mtoto baridi ya barabarani. Kulikuwa na jiko la mkaa sebuleni, dogo, la kuotea tu, nikakaa, nikageuza viganja, na nilipopata joto la kumridhisha akasogeza kiti chake nikapita.

Salome alikuwa amekaa kitandani na mtoto kifuani. Nikampokea mtoto kwanza, maana bila hivyo ningefukuzwa, na huku namwangalia yule kichanga nikamuuliza mama yake habari za usiku. Alisema ni nzuri. Kisha, Bibi alipotoka kuchukua kikombe, akaniambia kwa sauti ya chini maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya nikaze mkanda siku ile.

"Mama, mimi tangu niolewe nimeishi kwenye chumba kimoja kwa wakwe. Hii nyumba tumehamia juzi. Nikiondoka na mtoto kesho, nitarudi lini? Mvua zikianza watasema barabara mbaya. Mtoto akianza kutambaa watasema akue kidogo."

Sikumwahidi kitu. Nilimrudishia mtoto, nikaingia bafuni.

Bafu lilikuwa zuri, vigae vyeupe, na shawa yenye koki mbili, ya moto na ya baridi, zinazokutana kwenye miksa. Kichwa cha shawa kilikuwa kimeondolewa. Mahali pake palikuwa na mpira wa maji wa kijani, ule wa kumwagilia, uliofika mpaka chumbani ili Bibi ajaze beseni kando ya kitanda bila kubeba. Akili nzuri. Na mwisho wa mpira ulikuwa umekunjwa mara mbili, ukafungwa kwa ukanda wa tairi la ndani ukakazwa kabisa. Halikutoka hata tone. Nikagusa koki. Zote mbili zilikuwa wazi.

Waliokulia vijijini kwetu wanajua hapo hapo. Bomba la kijiji linahudumia kaya nyingi, na koki yake ikichezewa kila saa inaisha. Ikiisha, kupata nyingine ni vikao. Kwa hiyo koki haiguswi. Mtu anachomeka mpira wake, akimaliza anaukunja, anaufunga, anaacha. Ni adabu tuliyofundishwa tangu utotoni, na anayezungusha koki hovyo anaonekana hakulelewa. Bibi alikuwa anaitunza nyumba ya mwanawe kwa heshima ileile.

Ila bomba la kijiji lina maji ya aina moja. Hapa, nyuma ya mpira uliofungwa, maji ya baridi na ya moto yalikuwa yanatazamana mlango ukiwa wazi. Ya moto yalishuka kutoka kwenye sola kwa uzito wake tu. Ya baridi yalitoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, na usiku mji ukilala presha yake hupanda. Yenye nguvu yalimsukuma mwenzake. Usiku kucha maji ya baridi yalikuwa yanapita kwenye miksa, yanapanda bomba la moto kinyumenyume, yanajaza tangi la sola.

Nilitaka uhakika, nanyi mfanye hivihivi. Nilimwomba Elisha afunge koki inayoshusha maji ya moto kutoka kwenye sola, nikaenda jikoni kufungua bomba la maji ya moto. Kama hakuna kinachovuka, lingetoa kidogo na kunyamaza. Likatoa, likaendelea kutoa, baridi tupu.

Basi nusu ya kazi nilikuwa nimeimaliza. Nikasimama pale jikoni na ile nusu nyingine mkononi, nikamkumbuka Mzee Sanga na sweta lake. Ningesemaje mbele ya mkamwana kwamba mama mkwe, ambaye amevuka uwanja na ndoo kwenye sakitu siku zote hizi, ndiye aliyekuwa anapoza maji? Angeondoka na aibu yake Kidugala, na Salome angelipia neno hilo maisha yake yote ya ndoa.

Nikatoka nje kuzunguka nyumba, nikitafuta namna. Nyuma, chini ya mchirizi wa bati, nikakuta kituta cha figiri. Mwezi wa saba kila kitu ni vumbi, lakini figiri zile zilikuwa pana, zimejaa, kijani kibichi, na udongo wake tope. Juu yake bomba la kupumulia la sola lilikuwa bado linadondosha. Nikamuuliza Elisha nani anamwagilia. Akasema mama. Nikamwita Bibi aje anishauri kuhusu mboga.

Alikuja, akazitazama kwa jicho la mkulima. Nikamsifu. Akasema si yeye, ni Salome au Elisha. Kila mtu alidhani mwenzake ndiye anayemwagilia. Bibi akachuchumaa, akatia vidole kwenye tope, akainua macho mpaka kwenye lile bomba.

"Maji haya yanatoka juu kule kwenye jua," alisema.

"Ndiyo, mama. Tangi linafurika usiku."

"Na nani analijaza mpaka lifurike?"

Nilimweleza tu, kama ninavyowaeleza ninyi, kwamba yako maji ya namna mbili ndani ya nyumba, kwamba ya mtaa yana nguvu usiku, na kwamba yakikuta mlango wazi mahali yanapokutana, yanapanda. Bibi alibaki amechuchumaa, vidole vina tope. Niliona anatembea kwa mawazo, kutoka kwenye bati, kushuka kwenye ukuta, kuingia chumbani. Kisha akanyanyuka bila kuniangalia, akaingia ndani. Nikamfuata kwa mbali.

Alisimama kando ya kitanda, akauokota ule mpira, akaufungua ukanda taratibu. Maji yakaruka kwenye beseni. Akaingia bafuni, akafunga koki moja, akafunga ya pili.

"Mpira huu nimekuwa nikiufunga mimi," alimwambia Salome.

Salome aliinamisha kichwa. Nilidhani ni woga, mpaka nilipoona mabega yake. Alikuwa anazuia kicheko na machozi kwa pamoja, na mtoto anaruka kifuani.

"Ulijua?" Bibi akamuuliza.

"Nilihisi, mama. Siku ile Elisha alipochukua mpira kuoshea pikipiki ya rafiki yake, alifunga koki. Kesho yake alfajiri nilinawa mikono, maji yakawa ya moto. Ulikuwa umeshakwenda kwa jirani na ndoo."

"Na siku zote hizi unakandwa na maji ya uvuguvugu, umenyamaza."

"Ningesemaje, mama?"

Bibi alikaa kitandani. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye mfuko wangu. Alimtazama mkamwana wake, kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mwili mzima, mpaka akashika nguzo ya kitanda. Alisema amewatukana mafundi wawili, amelitukana jua, amewatukana waliotengeneza lile dude, na kumbe. Salome naye akaacha kujizuia. Elisha aligonga mlango kuuliza kuna nini, akajibiwa na mama yake kwamba hayamhusu.

Alipotulia, Bibi alimfuta Salome machozi kwa ncha ya khanga yake, akamwambia, "Nikikosea tena, useme."

Msidhani yaliishia hapo. Mchana nilikwenda mjini nikaleta valvu ya kuzuia maji kurudi, nikaifunga kwenye bomba la moto, kwa sababu fundi haiachii kumbukumbu ya mtu kazi yake. Nanyi msisahau valvu hiyo popote penye sola na miksa. Lakini Bibi alikuwa mtu wa kuona kwa macho. Jioni maji siku zote yalikuwa ya moto, alisema, shida ni alfajiri. Gari ingefika asubuhi. Alfajiri maji yakiwa baridi, wanaondoka, na yeye atacheka tena akiwa Kidugala. Na maji hayajaribiwi kwa mzazi wala kwa mtoto.

"Utalala hapa, fundi," akaniambia. "Alfajiri utaoga wewe kwanza."

Nikampigia mume wangu simu. Akacheka mpaka simu ikakatika.

Bibi aliniamsha kukiwa bado giza. Nje bati lilikuwa linalia kwa baridi na figiri zilikuwa na weupe pembeni. Aliniingiza bafuni na taulo, akasimama nje ya mlango, Salome kitandani ameketi wima, Elisha sebuleni anatembea. Kichwa cha shawa nilikuwa nimekirudisha mwenyewe. Nilivua nguo huku meno yakigongana, nikashika koki ya moto. Nikifungua yakawa baridi, yule binti anafunga mizigo.

Nikafungua. Kwanza yalikuja yale yaliyolala bombani, ya baridi, nikaruka pembeni nikapiga ukuta. Bibi akauliza nini. Nikasema asubiri. Halafu yakaja uvuguvugu, halafu moto, halafu moto wenyewe, mvuke ukajaa mpaka sikuona vigae.

Nimepeleka maji ya moto kwenye nyumba za watu tangu nikiwa msichana. Nimeyapima kwa kiganja, kwa kidole, kwa kipimo. Sikuwahi hata siku moja kusimama chini yake. Yalinishukia kichwani, shingoni, kwenye magoti haya mnayoniuliza, na nilifurahi furaha ya mtoto mdogo, nikaanza kuimba wimbo wa kanisani bila kujua nimeanza. Nilisahau kazi. Nilisahau gari. Kilichonikumbusha ni Bibi kugonga.

"Mwanangu, toka," alisema. "Mwachie na mzazi."

Akaingia yeye, akaweka mkono wake chini ya maji, akauacha hapo. Akamwita Salome. Nilikaa sebuleni na Elisha kwenye jiko la mkaa, nywele zangu zinatoa mvuke, mtoto amelala mikononi mwa baba yake, tunasikia kule ndani sauti mbili za wanawake na maji yanayomwagika bila kukadiriwa.

Jua lilipotoka gari ilipiga honi. Dereva, mpwa wa Bibi, alikuwa ameshashusha viazi na kupanga magunia matupu nyuma ili mzazi akae vizuri. Akaingia, akamwamkia Bibi, akauliza mizigo iko wapi, na kama wanaondoka sasa hivi.

Salome alikuwa ametokea kwenye mlango wa chumba, amejifunga khanga mbili, uso unang'aa kwa joto. Alimwangalia mama mkwe wake, kama alivyozoea, akingoja ajibu. Bibi alikuwa anamimina chai. Hakuinua macho.

"Mimi ni mgeni hapa," alisema. "Muulize mwenye nyumba."